Kikohozi cha Mwenye Kitabu

Walionipa habari hii hawakuniambia ilitokea mwaka gani, nami sikuwabana, kwa sababu ukimbana sana msimulizi huanza kutunga. Walichosema ni kwamba kulikuwa na mtu aitwaye Sefu Mwinyikondo, mwandishi wa vitabu vya maelekezo ya mitambo, na kwamba aliitwa katika nchi ya Majibuni kushuhudia kitabu chake kikikatwa. Alifikaje huko, alipanda nini na alilala wapi njiani, hayo si kitu. Alifika salama na akapewa chumba.

Kitabu chenyewe kiliitwa Kitabu cha Boila. Kilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili, na kilimchukua Mzee Sefu miaka sita kukiandika. Kila boila la kufulia lililouzwa kutoka kwao lilikwenda na nakala yake, na maboila mengi yaliuzwa Majibuni. Mzee Sefu hakuwahi kuandika riwaya wala shairi, lakini alitembea kama mtu aliyeandika vyote viwili, na ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa sura na aya.

Majibuni, zamani, walikuwa na sheria moja nzuri kwa waandishi na mbaya kwa kila mtu mwingine: hakuna ruhusa kugusa mtambo kabla ya kusoma kitabu chake kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu aliyetaka kufua shuka alianza kusoma Jumatatu, akafua Alhamisi, na kabla ya kuwasha alihojiwa na mkaguzi. Wenye haraka walivaa nguo chafu, na serikali iliwasifu kwa uvumilivu wao.

Kisha ikaja Amri ya Vioo. Iliamriwa kwamba kando ya kila mtambo ukutani kiwekwe kioo, mtu akiguse, aulize, apate maelekezo hapo hapo. Watu walishangilia. Baraza la nchi likawaagiza makarani wahamishe vitabu vyote kwenye vioo, na makarani, wakiwa watu waaminifu, wakavihamisha jinsi vilivyokuwa. Baraza lilijadili siku tisa kama ukurasa ulioandikwa "Ukurasa huu umeachwa wazi makusudi" nao uhamishwe. Walioupinga walisema kwenye kioo hakuna karatasi ya kuacha wazi. Walioutetea waliuliza, je, makusudi yale yamekwisha? Hoja ya pili ilishinda kwa kura mbili, na ukurasa mtupu ukawekwa kwenye kila kioo cha nchi nzima.

Wananchi nao walishika mila zao. Walilamba kidole kabla ya kugusa kioo, kama walivyozoea kufunua karatasi, hata ikabidi iundwe Idara ya Kufuta Vioo, yenye mkurugenzi na manaibu wawili. Walipofika mahali palipoandikwa "rejea ukurasa wa arobaini" walitoka kwenda kuutafuta, kioo kwa kioo, mtaa kwa mtaa, maana kioo hakina kurasa. Baadhi yao walirudi baada ya siku mbili wakakuta maji yamepoa. Baraza liliandika katika taarifa yake ya mwaka kwamba uhamishaji umefaulu kwa asilimia mia.

Hapo ndipo alipotokea Siwema.

Huyu Siwema alikuwa mwanafunzi wa Mzee Sefu. Alikaa miaka minane kwenye meza iliyopakana na ya mwalimu wake, akimsahihishia nakala, akimchongea kalamu, akinyamaza inapopaswa. Siku moja tu ndipo alipouliza: "Mwalimu, na msomaji akiingilia katikati ya kitabu, je?" Mzee Sefu alimtazama juu ya miwani akamjibu kwamba msomaji mwenye adabu haingilii katikati. Mwezi uliofuata Siwema aliaga, akasema amepata kazi Majibuni, na mzee akawaambia watu kwamba kule wanaokota yeyote.

Siwema aliwaambia wakuu wa Majibuni jambo ambalo mtoto wa dobi angeweza kuwaambia. Mtu anayesimama mbele ya boila, mikono imelowa, hana haja na kitabu. Ana swali. Basi kitabu kikatwe, kila swali lipewe jibu lake, jibu litoshe uso mmoja wa kioo, na kila jibu lisimame kwa miguu yake kana kwamba anayelisoma hajasoma neno jingine lolote tangu azaliwe. Walibishana naye sana, halafu wakamfanya Mkataji wa nchi. Alikata kitabu cha pampu, cha cherehani, cha mashine ya kusaga, na watu wakaacha kulamba vidole. Kikabaki kitabu kikubwa kuliko vyote, cha boila, na ndiyo sababu Mzee Sefu aliitwa.

Kwa maana Majibuni, kitabu hakikatwi bila mwenyewe. Mwandishi huitwa kama ndugu wa marehemu. Hupewa kiti chenye mto mwekundu katika ukumbi wa Baraza, na kwa siku thelathini karani humsomea kila jibu kwa sauti kabla halijawekwa kwenye vioo. Hatakiwi kusema kitu. Akiona kasoro, akohoe. Akikohoa, kazi husimama, huulizwa, na hakuna jibu linalotoka mpaka aridhike. Asipokohoa, jibu huwekwa kwenye vioo adhuhuri ileile na huhesabiwa kwamba mwenye kitabu amelibariki. Na sheria iliongeza jambo: ndani ya siku hizo thelathini, jibu lolote likimdhuru mtu, ukataji wote ni batili. Kitabu hurudishwa kwenye vioo kizimakizima, na Mkataji hufungasha virago aondoke nchini.

Aliyemweleza Mzee Sefu sheria hiyo ni Bwana Ngwali, Mkuu wa Vioo, mtu mrefu asiyecheka, na mzee aliomba aelezwe mara ya pili ile sehemu ya mwisho.

Siku ya kwanza Siwema alimpokea kwenye baraza ya nyumba ya wageni. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni raha ya kukuona, Mwalimu. Niliwaambia, kitabu cha boila sikigusi mpaka mwenyewe aje. Ndani yake kuna mambo ambayo wewe tu unajua kwa nini yako pale yalipo."

Yalikuwa maneno ya heshima, na Siwema aliyasema kwa moyo mweupe. Lakini walipokuwa wamesimama, watu watano walipita na wote watano walimsalimu Siwema kwa jina, mmoja akimshukuru kwa jibu la kuzibua pampu. Mzee Sefu hakusalimiwa na mtu. Kitabu chake kilikuwa katika nchi ile miaka kumi na tano, kimesomwa chote na kila aliyewahi kufua shuka, na hakuna aliyemwambia hata ahsante. Alihisi kitu kikipanda kifuani, akadhani ni njaa.

Haikuwa njaa. Alikuta chumbani kwake kuna kioo, kama vyumba vyote, na chini ya kila jibu kwenye kioo kulikuwa na hesabu ya watu waliolifungua. Hii ilikuwa tabia ya vioo vya Majibuni, kwamba vilihesabu. Kitabu cha karatasi hakimwambii mwandishi wake kama kimesomwa au kimeegemezwa mlango. Kioo husema. Jibu la Siwema la kuzibua pampu lilikuwa limefunguliwa mara thelathini na moja elfu. Mzee Sefu aliitazama namba ile mpaka chai ikapoa.

Asubuhi alimkuta dobi wa nyumba ya wageni akianika shuka uani. Aliitwa Bi. Mashavu, mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa na maneno mengi. Alipojua mgeni ni nani alimkaribisha kwa furaha ya kweli.

"Kumbe wewe ndiye uliyemfundisha Siwema wetu. Mungu akuzidishie. Yule mwanao amenitoa kifungoni. Miaka yote nilikuwa nasoma mlima wa kitabu kabla sijalowesha hata leso. Kitabu kinanizungusha, kinanipeleka mbele, kinanirudisha nyuma, mpaka nalia. Sijui nani alikiandika."

"Mimi," alisema Mzee Sefu.

Bi. Mashavu alishika shuka mkononi akifikiri. "Basi ulikuwa na nafasi, Bwana Sefu," alisema mwishowe, akaendelea kuanika.

Wivu una namna zake. Kuna wa mwenye kidogo kumwonea mwenye kingi, na huo watu huusamehe. Huu wa Mzee Sefu ulikuwa wa mwalimu kwa mwanafunzi, nao hausemeki, maana mwalimu hupongezwa mwanafunzi akifaulu na hulazimika kutabasamu. Alitabasamu kutwa. Waswahili husema kweli kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mzee Sefu alianza kukonda wiki ya kwanza.

Siku ya kwanza ukumbini alikohoa mara kumi na tisa. Alikohoa walipoondoa neno "adhimu" mbele ya neno "boila". Alikohoa walipoondoa historia ya mvuke. Alikohoa karani aliposoma jibu fupi kupita kiasi, na alipoulizwa kasoro iko wapi alisema kwamba halina pumzi. Bwana Ngwali aliandika "pumzi" kwenye daftari. Siwema hakukasirika hata mara moja. Kila mzee alipokohoa alisimamisha kazi, akasogea, akamsikiliza, na mara nyingi akakubali. Upole ule ulimuumiza mzee kuliko dharau, kwa sababu dharau angeweza kuijibu.

Kikohozi chake kikubwa kilikuwa cha Dibaji. Kitabu cha Boila kilikuwa na dibaji ya kurasa kumi na moja, ambayo mzee aliipenda kuliko kitabu chenyewe. Siwema alisema kwa unyenyekevu kwamba hakuna mtu mwenye nguo chafu anayeuliza dibaji. Mzee alikohoa mpaka akaletewa maji. Mwishowe ilikubaliwa iwe jibu, na kwa kuwa kila jibu ni lazima lijibu swali, Baraza lilikaa alasiri nzima kutafuta swali lake, likapata: "Je, mwandishi alihisije?" Likawekwa kwenye vioo.

Baada ya wiki mbili Dibaji ilikuwa imefunguliwa mara nne. Tatu alikuwa yeye.

Na jibu la Siwema la kuwasha boila, ambalo kila neno lake, nasema kila neno, lilitoka kwenye ukurasa wa sitini na mbili wa kitabu cha mzee, lilikuwa limefunguliwa mara elfu tisa. Maneno ni yake. Sifa ni za mwingine. Majibu ya Majibuni hayana jina la mtu, lakini nchi nzima iliyaita majibu ya Siwema. Alimchukia. Tuseme wazi, maana waliosimulia walisema wazi: alimchukia binti aliyekuwa akimchongea kalamu, akaanza kuomba apatwe na jambo.

Siku ya kumi na tisa karani alisoma jibu liitwalo Kufungua Kifuniko. Lilianza hivi: "Shika mkono wa kifuniko. Zungusha kushoto mpaka usikie mlio. Inua taratibu." Lilikuwa jibu safi, fupi, lisilo na neno la ziada.

Mzee Sefu aliinua kichwa. Katika kitabu chake, kwenye ukurasa wa saba, kulikuwa na onyo: kabla ya kugusa kifuniko kwa sababu yoyote ile, fungua koki ya pembeni, mvuke utoke wote. Aliliandika mara moja tu, mwanzoni kabisa, na alijivunia kutolirudia. Aliamini jambo zito halisemwi mara mbili, na kwa sheria ya zamani hakuna aliyeweza kufika kwenye kifuniko bila kupita ukurasa wa saba. Sasa anayekuja kwenye kioo hapiti popote. Anatua moja kwa moja kwenye kifuniko, na mvuke uko ndani.

Onyo halikupotea. Siwema alilikata vizuri akalipa jibu lake, Tahadhari za Jumla, la sita kwenye orodha. Hilo ndilo kosa ambalo mkataji tu anaweza kulifanya: kuliweka onyo mahali pa heshima, peke yake, ambapo hakuna mtu ataliuliza. Nani aliye na shuka lililokwama atakiuliza kioo kuhusu tahadhari za jumla? Mzee aliliona kosa lote kwa mara moja, kama fundi anavyoona ukuta uliopinda.

Kikohozi kilimjia chenyewe. Kilipanda kooni, kikamjaa mdomoni, na karani, aliyekwisha kuzoea, akainua kalamu akisubiri. Siwema naye aligeuka kumtazama. Uso wake ulikuwa na matumaini, uso wa miaka minane ya meza ya jirani, wa mtu anayetaka kusahihishwa.

Mzee Sefu alikimeza.

"Linaendelea?" aliuliza Bwana Ngwali.

Hakuna aliyekohoa, na adhuhuri jibu likawekwa kwenye vioo.

Mchana ule mzee aliieleza nafsi yake kwa ufasaha. Alisema hakuna atakayeumia, watu wana akili zao. Alisema hata akitokea wa kuguswa na mvuke, atashtuka tu, ataruka nyuma, atalalamika, na malalamiko yatatosha kwa sheria. Kitabu kitarudi kizima, na Dibaji mbele yake. Alisema pia kwamba kazi ya kuona ni ya Mkataji, na yeye ni mgeni. Kila alichosema kilikuwa na kipande cha ukweli, na ndiyo maana kilimfaa.

Ila hakupata utulivu. Baada ya chakula aligusa kioo cha chumbani akafungua Kufungua Kifuniko, aone kama kuna aliyetambua na kuongeza onyo. Halikuwepo. Asubuhi iliyofuata akafungua tena, na alasiri tena. Kila alipokuta halimo alipumua, na hakujua kama anapumua kwa raha au kwa hofu.

Siku ya ishirini na mbili Siwema alikuja kunywa naye chai uani.

"Mwalimu, mwanzoni ulikuwa unanikoholea mpaka naogopa," alisema. "Siku hizi umenyamaza. Kuna kitu unakiona nisichokiona mimi? Niambie tu. Nikikosea kwenye pampu, mtu hukosa maji. Kwenye boila sijui."

Mlango uliwekwa wazi mbele yake, na hakutakiwa hata kukohoa. Mzee alikoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa.

"Unaendelea vizuri," alisema.

Siwema alifurahi. Macho yalimlowa, akasema kwamba alikuwa akilisubiri neno lile tangu siku aliyoshika kalamu. Alirudi kazini akitembea haraka.

Siku ya ishirini na sita, saa nne za asubuhi, ncha ya shuka ilinasa kwenye kifuniko cha boila la nyumba ya wageni. Bi. Mashavu alikausha mikono kwenye aproni, akagusa kioo, akauliza namna ya kufungua kifuniko. Alijibiwa kwa sentensi tatu safi. Alizifuata zote tatu bila kukosea hata moja.

Mzee Sefu alikuwa chumbani aliposikia ukelele. Akajua kabla ya kuuliza. Na kitu cha kwanza alichokihisi, nasema kama nilivyosimuliwa, kilikuwa furaha. Ilidumu kiasi cha kutoka kitandani hadi mlangoni. Alipofika chumba cha kufulia alimkuta mama yule amekaa chini katikati ya maji na mvuke, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na mkono ule haukuwa tena na rangi ya mkono. Hakulia wakati huo. Alikuwa akirudia, "Nimefuata. Nimefuata vilevile." Mzee alimmiminia maji baridi mpaka mganga alipofika.

Baraza lilikaa siku iliyofuata. Mganga alisema mkono utapona lakini vidole viwili havitakunjika tena. Siwema alisimama katikati ya ukumbi, hakuomba kiti.

"Kosa ni langu," alisema. "Onyo nililiweka peke yake. Nilidhani nimelipa heshima. Sikufikiri kama mtu aliyesimama mbele ya boila, nami ndiye niliyewaambia nyote mfikiri hivyo."

Bwana Ngwali alisoma sheria. Ukataji ni batili. Kitabu cha Boila kitarudishwa kwenye vioo chote, kurasa mia nne na kumi na mbili, pamoja na ule ulioachwa wazi makusudi. Mkataji ataondoka nchini kabla ya Ijumaa. Wazee kadhaa wa Baraza, wale waliotetea ukurasa mtupu, walipeana mikono. Mzee Sefu alikaa kwenye mto wake mwekundu. Kila alichokiomba kilikuwa kimewekwa mbele yake, na hakikuwa na ladha.

Kilichobaki kilikuwa utaratibu tu. Karani alitakiwa asome hesabu ya jibu lililodhuru, iingie kwenye kumbukumbu. Alisimama akasoma: "Kufungua Kifuniko, nyumba ya wageni. Limefunguliwa mara kumi na mbili. Kioo cha chumba cha kufulia, mara moja." Akafunua karatasi. "Kioo cha chumba cha mgeni, mara kumi na moja."

Chumba cha mgeni hakina boila.

Mzee alikuwa amezitazama hesabu zile mwezi mzima, asubuhi na jioni, akizionea wivu, na haikumpitia hata siku moja kwamba kioo kinachojua ni wangapi kinajua pia wako wapi. Kwao, msomaji haachi alama. Yeye aliandika miaka sita bila kuonwa na aliyemsoma, akadhani na kusoma nako hakuonwi.

"Bwana Sefu," alisema Bwana Ngwali, "mara kumi na moja. Ulikuwa ukitafuta nini?"

Kabla hajajibu, Siwema aligeuka. "Ni maneno yake, Mkuu," alisema upesi. "Labda Mwalimu alikuwa akiyafurahia. Mwandishi hupenda kuyaona maneno yake."

Alijua. Usoni alionyesha kwamba amejua, wakati uleule, na bado alimtandikia mkeka wa kupita juu yake. Mzee Sefu alimtazama. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, na kila mtu angeenda nyumbani. Lakini wema ule ulimchoma mahali ambapo mwezi mzima wa sifa za watu haukufika, na hakuweza kuuchukua.

"Nilikuwa natazama kama onyo bado halimo," alisema. "Nililiona siku linasomwa. Kikohozi kilinijia nikakimeza. Nilitaka ashindwe. Nilidhani mtu atashtuka tu."

Baraza lilibishana siku tatu. Sheria ilisema jibu likidhuru kitabu kirudi. Lakini je, jibu lililodhuru ni la Mkataji aliyekosea, au la mwenye kitabu aliyelibariki kwa kunyamaza? Mjumbe mmoja alitaka kujua kama kikohozi kilichomezwa ni kikohozi kisheria. Mwishoni waliamua kwamba Siwema abaki, maboila yote ya nchi yapewe onyo kichwani mwa kila jibu linalogusa kifuniko, hata likirudiwa mara mia, na kwamba mgeni aende kwao bila adhabu. Kuhusu jina lake, Bwana Ngwali alisema litaandikwa, ili watu wajue onyo lile limetoka wapi. Siwema alisimama kupinga hilo. Alikohoa, kwa kuwa sasa kiti kilikuwa kitupu na hakuna sheria iliyomkataza, akaulizwa, akaeleza, na akashindwa kwa kura mbili.

Kabla ya kuondoka mzee alikwenda kwa Bi. Mashavu. Alikuwa amekaa uani, mkono umefungwa kitambaa kinene mpaka kiwiko, akimwelekeza jirani namna ya kuanika. Mzee alipiga magoti, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu tangu utotoni, akamwomba radhi.

Bi. Mashavu aliacha kumwelekeza jirani.

"Ungekohoa tu, Bwana Sefu," alisema. "Kikohozi tu." Kisha akamwambia ainuke, chini pamelowa, lakini hakusema kwamba amesamehe, naye mzee hakuthubutu kumwuliza.

Kwenye lango la kutokea Majibuni kuna kioo cha wasafiri. Waliopita wakati ule wanasema mzee alisimama mbele yake akakigusa, akafungua Kufungua Kifuniko. Onyo la koki sasa lilikuwa mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi nene. Chini ya maelekezo palikuwa na mstari mwingine, wa herufi ndogo: "Onyo hili lilikosekana siku nane. Sefu Mwinyikondo, mwenye kitabu, aliliona na hakukohoa." Ndilo jina pekee la mtu kwenye jibu lolote katika nchi ile, na watu walikuwa wakilifungua kwenye kila mtaa, wenye maboila na wasio nayo, ili walione.

Akashusha macho kwenye hesabu. Arobaini na nne elfu, na ilikuwa bado ikipanda. Alikuwa amempita Siwema.